Ruhusa ya Kuugua

Mtwara,
9 Juni 1969

Mjomba Alawi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, na kama umesimama, keti kwanza. Mama yangu Mwaisha mpe shikamoo yake karibu naye, usimpigie kelele kutoka barazani kama kawaida yako, atadhani kuna moto. Mwanangu Somoe mwambie kanga zake nimeshazipata na hazichuji.

Neno lenyewe ni hili. Kuna mafua. Usicheke, mjomba. Redio inasema yametoka Asia, yakazunguka dunia nzima, na sasa yamefika Mtwara. Si yale ya kufuta pua yakaisha. Mtu anashikwa na homa asubuhi, jioni hawezi kunyanyua kikombe, na wazee yanawashukia kifuani. Wodi yangu imejaa, wengine wanalala chini kwenye mikeka waliyokuja nayo. Wauguzi nao wameanza kuanguka, kwa hiyo Bwana Josephu, katibu wa hospitali, amefuta likizo zote. Yangu ya Agosti imo.

Unajua nilivyoisubiri likizo hiyo. Somoe nimemzaa mimi, lakini kutembea alijifunzia kwa mama, kusema alijifunzia kwa mama, na jino lake la kwanza lilipong'oka mimi nilikuwa zamu. Siku mwali anapotoka unyagoni, mama mzazi ndiye anayempokea mlangoni. Hiyo moja sitaki kuikosa, mjomba. Naomba muuahirishe unyago wake. Wasichana wasiingizwe ndani mpaka maradhi haya yapite, maana wengi katika nyumba moja, akiugua mmoja wameugua wote.

Mpwa wako,
Hamisa


Ziwani,
22 Juni 1969

Mpwa wangu Hamisa,

Marahaba. Barua yako ilinikuta nimesimama, nikakaa kama ulivyoamuru, kwani siku hizi wapwa ndio wanaoamuru. Dada yangu, mama yako, mzima. Anasema umekonda. Nilimuuliza amekuonea wapi, akasema kwenye mwandiko. Mihogo imekubali mwaka huu, na yule mbuzi mweusi amezaa mapacha.

Kuhusu kuahirisha, umechelewa. Wanawali wameshaingia. Bi Sharifa nyakanga, bingwa wetu wa unyago, amefunga mlango, na mlango wa nyakanga haufunguliwi kwa sababu mtu fulani huko Mtwara anapiga chafya. Tena Somoe hayuko peke yake. Humo wamo wasichana wa kijiji kizima, na kwetu wanatoka pamoja siku moja. Mmoja akikosa mama wa kumpokea, wote wanangoja. Usipokuja wewe, mimi nitaandamwa na wazazi wa Ziwani yote, na wageni wetu kutoka ng'ambo ya Ruvuma ambao wameshafika na wanakula kwangu. Wamekuja miezi miwili kabla ili wasichelewe.

Nina shauri. Wewe unafanya kazi mahali ambapo ugonjwa hautafutwi, uko tele. Ugua kidogo. Nasikia mtumishi wa serikali akiugua anapewa ruhusa. Sikuambii useme uongo, Mungu apishe mbali. Nakuambia tu usijizuie. Sisi wakulima tukiugua, nguruwe wa porini hawatusubiri tupone, lakini nyinyi mna bahati ya kuajiriwa.

Mjomba wako,
Alawi


Mtwara,
3 Julai 1969

Mjomba Alawi,

Shikamoo, na pole na wageni. Mama mwambie sijakonda, ni kalamu iliyokonda. Nimefurahi kwa mbuzi.

Unaniambia niugue. Ngoja nikueleze kuugua kulivyo kazi huku. Kuna karatasi tunayoiita ED, anayoiandika daktari ili mgonjwa aruhusiwe kulala nyumbani. Muuguzi akishikwa na homa anapanga foleni ya ED na wagonjwa wengine, naye awe amevaa sare, kwa sababu asiye na sare anahesabiwa hakuja kazini. Sasa mwenye sare haachwi akasimama. Huyu anamwomba maji, yule amshikie mtoto, na daktari akichungulia anamwita aje kumsaidia kufunga jeraha. Modesta, mwenzangu wa wodi, alipanga foleni asubuhi akafika mbele ya daktari jua linazama, keshaihudumia foleni yote. Daktari alimtazama, akasema mtu aliyechapa kazi kutwa namna ile hawezi kuwa mgonjwa. Mussa, dresa wetu anayefunga vidonda, yeye alizimia, kwa hiyo akapata kitanda. Lakini wagonjwa wa kushoto na kulia wanamjua, wanamnong'oneza awaletee bakuli la haja, naye anainuka anawaletea.

Si hayo tu. Bwana Josephu ametuhutubia. Amesema anayeugua wakati taifa linajenga ni kupe, na ameunda Kamati ya Kuhakiki Watumishi Wagonjwa. Kamati inazunguka nyumba zetu huku Shangani, na mwenye ED akikutwa amesimama, basi amepona. Kuna dada anayekaa peke yake, walimkuta anajikorogea uji, wakaandika amepona kabla uji haujachemka. Sasa wote tumejifunza kulala. Ila wanakamati ni watu wa pwani hii, hawawezi kumwangalia mgonjwa tu wakaondoka. Wanatoa pole, wanamshika mkono na kipaji cha uso, wanakaa kitandani pake, wanaletewa chai. Kisha wanakwenda nyumba ya pili na mikono ile ile.

Sitaugua, mjomba. Nitaiomba likizo yangu kwa njia iliyonyooka mpaka wachoke. Nawe nakuomba kwa heshima zote, mtu yeyote asije Mtwara. Asije kuniona, asije hospitali, asije hata sokoni.

Hamisa


Ziwani,
8 Julai 1969

Mpwa wangu,

Sijapata barua yako, nadhani hujaandika. Mama yako mzima, ndiye anayewapelekea wanawali chakula kila siku. Somoe tunamsikia akiimba ukutani, sauti imekuwa ya mtu mzima, hata nilimdhania shangazi yake.

Nimefikiri sana juu ya likizo yako na nimeona kosa lilipo. Hatukukuomba kwa adabu. Serikali imekuchukua kama mume anavyochukua mke. Mke akitaka kuja kwao kwenye shughuli, wazee wake wanakwenda kumwombea. Huyo Bwana Josephu hajamwona mtu wa kwenu hata mmoja tangu uajiriwe. Angekupaje? Mimi mwenyewe nisingekupa.

Kwa hiyo anayekukabidhi barua hii ni Mzee Salumu, mshenga aliyeniposea wake wawili ambao kwanza walinikataa. Amefuatana na Mzee Juma. Wana jogoo, kapu la korosho na maneno ya kutosha. Usiwafukuze. Nimewaambia wasirudi bila jibu.

Alawi


Mtwara,
19 Julai 1969

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe nikifupisha salamu, wazee wako wamezimaliza zote.

Walifika hospitali, wakaketi kwenye benchi katikati ya watu wanaokohoa. Wakawahurumia, wakawagawia korosho kwa mkono. Bwana Josephu hakuwapo. Amepata mafua. Kamati yake nayo imepata mafua, ikazuka hoja nani ataihakiki kamati, na ikaamuliwa wanakamati wote walale nyumba moja watazamane. Wazee waliposikia katibu anaumwa wakasema ni aibu kufika kwenye mji wa mtu mgonjwa usimjulie hali. Nikawakataza. Mzee Salumu akaniambia, "Mjukuu wangu, sisi hatuji kwako, tunakwenda kwa mumeo."

Wakaenda. Walichinja yule jogoo, Mzee Salumu akamnywesha katibu supu kwa mkono wake, Mzee Juma akamsomea dua na kumpangusa jasho. Bwana Josephu ni mtu wa bara, hana ndugu hapa. Alilia, mjomba. Akaagiza karatasi iletwe, binti wa wazee hawa apewe ruhusa leo leo. Lakini likizo zote alizifuta mwenyewe, na iliyobaki ni ya ugonjwa tu. Basi nimeandikiwa ED ya wiki mbili kwa mafua makali, mimi ambaye sijapiga chafya. Modesta, ambaye mwili wake unachoma kama chungu jikoni, akaamriwa anishikie zamu.

Wazee walishangilia, wakaniambia nifunge mizigo. Nilipowaeleza kwamba mwenye ED lazima akutwe amelala nyumbani kwake, na kwamba kamati imepata nafuu na nikikutwa njiani nafukuzwa kazi, Mzee Salumu akauliza kama talaka inawezekana.

Nililala siku moja nikiwa mzima, nikimsikia Modesta akikohoa kuelekea kazini. Ya pili ikanishinda. Sasa Modesta amelala kitandani kwangu, kajifunika gubigubi, na kamati ikija haiwezi kumfunua mwanamke. Mimi niko wodini kwa jina la Modesta. Matroni ananitazama usoni, ananiita Modesta, halafu anageuka kukohoa. Kwenye makaratasi kila aliyepewa ruhusa amelala, na kila aliyenyimwa yuko kazini.

Sasa sikiliza, mjomba. Wazee wameondoka jana kwa lori. Wamemshika mgonjwa, wamelala chumbani kwake. Wasiende kwenye nyumba ya wanawali, na wasikae na mama kumpa habari. Kifua cha mama unakijua. Nijibu upesi kwamba wote wazima.

Hamisa


Ziwani,
4 Agosti 1969

Mpwa wangu Hamisa,

Marahaba. Huku ni salama. Mzee Salumu salama, amelala kidogo tu. Mzee Juma naye amelala. Wageni wa ng'ambo wanakusalimu, waliobaki. Bi Sharifa nyakanga anakusalimu akiwa kitandani. Mbuzi na mapacha wake wazima sana. Choo kipya tumekimaliza.

Upepo ni mwingi mwaka huu. Siku ya kutoka wanawali imesogezwa kwa sababu ya upepo, kwa hiyo usihangaike na ruhusa. Niambie tu, kama habari ya mazungumzo, mtu anayehema kama anapanda kilima naye amelala, anafanyiwa nini. Nauliza kwa ajili ya jirani.

Alawi


Mtwara,
11 Agosti 1969

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ina salamu za mbuzi, haina za mama. Na mimi nimezaliwa Ziwani, sijaona unyago ukisogezwa kwa upepo.

Huyo jirani asilazwe chali. Muinueni, mumuegemeze kwenye mito. Fungueni mlango na dirisha. Maji apewe kidogo kidogo, bila kuchoka, na uji mwepesi. Homa ikipanda mpanguseni kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, wala msimfunike mablanketi. Wanaokuja kumjulia hali waishie uani. Amuuguze mtu mmoja, naye anawe mikono kwa sabuni kila akimgusa. Midomo ikibadilika rangi, mleteni hata kwa machela.

Nimekwenda kwa Bwana Josephu kumwambia mama yangu mgonjwa, niende. Ameuliza nani amethibitisha. Nikampa barua yako. Ameisoma mara mbili, akaniambia humu naona mbuzi tu.

Mwandiko usikushangaze, meza hii ina mguu mmoja mfupi. Mimi mzima. Mjomba, tafadhali, niandikie ukweli.

Hamisa


Ziwani,
25 Agosti 1969

Mpwa wangu,

Leo mama yako ameketi, amekunywa uji, na amenitukana mimi na ukoo wangu, ambao pia ni wake. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Alipokuwa hana nguvu za kutukana sikuwa na la kukuandikia.

Wazee waliporudi barua yako ya kuwazuia ilikuwa haijafika. Walikuja moja kwa moja kwa mama yako kumweleza safari, wakala naye sinia moja, naye akapeleka chakula kwa wanawali. Mzee Juma tumemzika Jumatatu ile niliyokuandikia habari za upepo. Nilimtuma mimi, Hamisa. Alikuwa hataki kwenda, alitaka kupalilia, nikamwambia palizi haikimbii.

Bi Sharifa alianguka, na wasaidizi wake wakaanguka. Wageni waliokuja mapema waliondoka mapema. Tuliobaki wima ni wanaume, na kumbe mimi sijui hata maji ya kumpangusia mgonjwa yanatakiwa yawe moto kiasi gani. Barua yako ilipofika niliisoma kwa sauti uwanjani, tukaanza kubishana mito ni mingapi. Wanawali walikuwa ndani wanasikiliza. Mlango ukafunguliwa kwa ndani.

Hakuna ngoma iliyolia. Hakuna aliyempokea. Somoe alitoka jua la mchana, kichwa wazi, akanijia akanyoosha mkono. "Babu, lete barua ya mama." Nikampa. Akaisoma mwenyewe, akaingia kwa bibi yake, akalifungua dirisha nililokuwa nimelipiga misumari kuzuia baridi. Akaniambia nikachote maji. Mimi, mjomba wa ukoo, mbele za watu. Nikaenda. Niliporudi, wenzake wote wameshatoka, kila mmoja kwao, wanauguza.

Sasa Bi Sharifa amepata nafuu na anasema huo haukuwa mtoko, ulikuwa utoro. Wanawali warudi ndani, watolewe upya kwa ngoma siku wewe utakapopata ruhusa. Wenzake wamekubali. Somoe amekataa. Nilimkaripia, nikamwambia mama yake ameililia siku hiyo tangu Juni. Akaniomba barua yako tena, akasoma ile sehemu ya meza, akasema, "Babu, mama ana homa." Nikamwambia ni mguu wa meza. Alinitazama kama mama yako anavyonitazamaga.

Kesho anapanda lori la mihogo na Mzee Salumu. Nisamehe kwamba alitoka na hukuwepo.

Alawi


Mtwara,
7 Septemba 1969

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama mpe shikamoo yake, na mwambie aendelee kukutukana taratibu asije akachoka. Mzee Juma Mungu amrehemu. Alimpangusa jasho mtu asiyemjua kana kwamba ni mwanawe, na simlaumu kwa hilo, wala wewe usijilaumu peke yako.

Meza yangu haina kasoro. Nilikuwa na homa, na siku ya pili yake miguu ilikataa. Nikajikokota kuomba ED. Bwana Josephu akaniambia ruhusa yangu ya ugonjwa nimekwisha kuitumia, na kwamba nijifunze kwa Modesta, kwa sababu katika wiki nilizolala mimi hakuna muuguzi aliyefanya kazi kama yeye. Modesta alitaka tubadilishane tena majina. Bahati mbaya alikuwa amepandishwa cheo kwa kazi ile, yuko ofisini, hana zamu za kunipa. Nikarudi nyumbani nikalala bila karatasi.

Somoe aliingia wiki iliyopita. Hata salamu hakuitoa vizuri. Alinigusa shingo, akafungua dirisha, akabandika maji. Nilimwona kwa ukungu, nikadhani ni mama amekuwa kijana. Siku tatu au nne hizo sizikumbuki sawasawa, nakumbuka tu mkono wake nyuma ya kichwa changu, na kikombe.

Jana kamati ikaja, Bwana Josephu akiwa mbele, kumchukua mtumishi anayeugua bila ruhusa. Nilikuwa macho. Nilisikia hodi, nikasikia viatu vya wanaume kizingitini. Mwali, unajua mwenyewe, mbele ya wakubwa hutazama chini na hasemi. Nikajaribu kuinuka ili nijibu mimi, nikashindwa.

"Shikamooni," Somoe akasema. "Mama amelala."

Bwana Josephu akamuuliza, "Amelala kwa ruhusa ya nani?"

"Yangu."

Nilingoja kelele. Hazikuja. Somoe aliwatazama, nao wakamtazama, na mlangoni hakusogea. Mwanakamati mmoja mtu mzima akasema pole kwa mgonjwa, wakaenda zao. Somoe akafunga mlango, akaniuliza kama nataka uji wa chumvi au wa sukari, nami nikageukia ukutani ili asinione ninavyolia.

Mwambie Bi Sharifa asimngoje ndani. Mtoto ametoka, mjomba, na mimi nilikuwepo.

Mpwa wako,
Hamisa